Jina Alilopewa Paka

Maji ya kusugulia yalikuwa yameisha, ndiyo sababu Loice alishuka chemchemini jua likizama. Kazi ya kuchonga jiwe la sabuni haitaki uvivu. Ukishapitisha tupa, lazima usugue kwa msasa na maji, usugue na kusugua, la sivyo mikwaruzo inabaki na vumbi linakujaa kifuani. Alibeba mtungi wake wa manjano, akafuata njia inayopita katikati ya migomba.

Paka alimfuata. Kama kawaida yake.

Chemchemini walikuwapo wanawake wawili. Walikuwa wakicheka. Walipomwona, kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Habari za jioni, mama?"

"Nzuri." Neno lenyewe lilitoka kama jino linalong'olewa.

Loice akainama, akakinga maji. Ng'ambo ya bonde, nyumbani kwa baba yake mkubwa Ratemo, mtoto mchanga alikuwa akilia. Si kilio cha njaa, wala cha tumbo. Kilikuwa kilio kikavu, kirefu, kama cha mtu mzima aliyefiwa.

"Bado?" mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake.

"Bado. Ziwa hataki. Majina yote wamemwitia, wapi."

Mtungi ulipojaa, paka alikuwa amepotelea magugani. Giza lilikuwa linaanza kushuka kutoka upande wa Marani. Loice akaita bila kufikiri, kama alivyoita kila siku.

"Nyamusi! Twende nyumbani."

Mwanamke mmoja aliangusha mtungi. Maji yakamwagika yote, na hakuinama kuuokota.

"Umemwita nani?"

"Paka wangu."

"Loice... hilo jina haliitwi huku. Na saa hizi, jamani!"

"Kwani ni la nani, mama? Mtaje mwenyewe basi, nimjue."

Hawakumtaja. Walipanda kilima mbiombio, mmoja bila maji.

Na kule ng'ambo, kwa kitambo kidogo tu, mtoto alikuwa amenyamaza.

Kisha akaanza tena.

*

Nyamusi alikuwa mama yake baba. Magokoro, kama wanavyosema huku.

Na kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa mjane. Alikuwa na macho mekundu, ambayo kila mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote anayo. Aliongea peke yake, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuongea naye. Mtoto wa jirani akashikwa na homa, akafa. Hospitali ikasema malaria, lakini nani amsikilize daktari, na mkongwe wa kulaumiwa yupo hapo karibu, hana mume, na ana shamba zuri la chai? Ushahidi? Hakuna. Shahidi? Kila mtu, na hakuna mtu. Omorogi, wakasema, mchawi, na neno hilo moja likatosha. Wakaja jioni, kundi zima. Wakaiwasha nyumba, naye akiwa ndani. Sabato iliyofuata wakaenda kanisani na kuimba, na wanaosimulia wanasema siku hiyo kwaya iliimba vizuri sana.

Loice alikuwa mtoto mdogo wakati huo, akilelewa Tabaka, kunakochimbwa jiwe la sabuni, kwa wajomba zake. Alipokua, baba yake akiwa kaburini na mama yake ameolewa kwingine, alirudi kwenye ardhi ya baba yake na kujenga chumba cha mabati kando ya pale palipoungua. Nyasi hazioti vizuri hapo mpaka leo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkaribisha pia. Watu walipita mbali na ua wake hata kama njia fupi ilipita hapo hapo.

Lakini kilichomkereketa Loice zaidi ya moto wenyewe ni kile kilichofuata.

Huku mtoto hupewa jina la marehemu. Ndivyo marehemu anavyorudi nyumbani. Babu aliyezikwa mwaka jana, mwaka huu anabebwa mgongoni, ananyonya, anachekewa. Mtoto akilia bila kukoma, wazee humkalia na kumwitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka litajwe lake atulie. Na jina la Nyamusi lilikuwa limerukwa. Kila binti aliyezaliwa katika ukoo ule alipewa jina la shangazi wa mbali, la jirani wa zamani, la mtu yeyote yule. La bibi mwenyewe, hapana. Walimfungia nje ya dunia kwa mara ya pili, na kwa mara hii hawakuhitaji hata kiberiti.

Paka alikuja msimu wa mvua ndefu. Rangi ya majivu, mkia nusu, sikio limechanika. Alikuwa amelowa chapachapa, na bado manyoya yake yalinuka moshi.

Loice hakuwa amewasha moto siku hiyo.

Alikuwa ametoka kusikia habari za binti mwingine aliyezaliwa kwenye ukoo na jina kurukwa tena. Alimfuta paka kwa kitambaa, akamwangalia usoni.

"Sawa," akasema kwa hasira. "Kama hakuna mtoto wa kupewa, nakupa wewe. Wewe ni Nyamusi."

Paka alifumba macho polepole, kama mtu aliyeitwa baada ya kungoja muda mrefu sana.

*

Huko Tabaka wanaume huchonga na wanawake husugua. Ndivyo kazi ilivyogawanywa, na hakuna aliyewahi kumpa Loice sababu yenye kichwa na miguu. Kwa hiyo aliposhika panga na patasi, alishika bila kuomba ruhusa. Ila lazima kusema ukweli. Alichochonga zamani ni kile kile cha kila mtu: kiboko, tembo, bakuli, kiboko tena. Mikono yake ilijua kazi, lakini haikuwa na la kusema.

Asubuhi baada ya kumpa paka jina, mnyama yule alipanda juu ya jiwe bichi, akajikunja, akalala. Aliposhuka, pale alipoacha joto lake, Loice aliona bega. Bega la mwanamke, limo ndani ya jiwe, linangoja kutolewa.

Alichonga mpaka vidole vikafa ganzi. Mwanamke aliyeinama akipuliza moto.

Siku iliyofuata, jiwe jingine. Mwanamke yule yule akipukuchua mahindi. Kisha mwanamke yule yule amesimama, kiganja juu ya macho, anaangalia watu wanaokuja kwa mbali. Loice hakufikiri. Mikono ilitangulia, yeye akafuata. Lakini paka alipokwenda zake mawindoni, jiwe lilikuwa jiwe tu. Angeligeuza huku na huku, angelimwagia maji, hamna kitu. Alijifunza kungoja. Paka akirudi, kazi inarudi.

Jayshree, mwenye duka la vinyago mjini Kisii, alizipokea sanamu za kwanza akazishika kwa muda mrefu.

"Loice, hizi unatoa wapi?"

"Kwa paka wangu."

Jayshree alicheka. Kisha akaangalia tena, akaacha kucheka. "Wateja wanapenda sana, bas. Lete tu. Lakini jioni nikifunga duka nageuza zote ziangalie ukuta. Usiniulize kwa nini."

"Kwa nini?"

"Si nimekwambia usiniulize!"

Na jioni zile ndefu za huko kilimani, mvua ikipiga mabati, Loice aliongea na paka. Alimweleza habari za soko, za Jayshree, za jiwe lililopasuka katikati. Siku moja alijisikia akiongea, peke yake, chumbani, sauti imepanda. Akanyamaza. Ndivyo alivyoanza bibi, akawaza. Ndivyo walivyomsikia.

Kisha akaendelea kuongea. Anyamaze kwa ajili ya nani?

*

Jioni ile ya chemchemi, mvua imeanza na giza halijakamilika, mlango uligongwa. Taratibu. Kwa kucha.

"Wifi... ni mimi."

Alikuwa Gladys, mke wa Andrew, mtoto wa Ratemo anayefanya kazi Nairobi. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa amemfunga mtoto kifuani kwa leso, na mtoto alikuwa akilia kilio kile, lakini sasa kimechoka, kama mlango unaosukumwasukumwa na upepo.

"Nimetoroka," Gladys akanong'ona. "Baba mkwe amelala kidogo. Wifi, huyu mtoto ananifia."

"Mpeleke hospitali."

"Nimetoka huko. Wamempima kila kitu. Wanasema mzima. Mzima gani hanyonyi?" Machozi yakamtoka, akaingia akaketi kwenye kigoda. "Wameita majina yote. Mpaka ya watu ambao hatuwajui. Lakini leo jioni alinyamaza. Mara moja tu. Nikasikia kwa mbali mtu anaita..."

Hakumaliza.

Paka alikuwa ameshuka kutoka kwenye jiwe. Alikuja bila haraka, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaegemea goti la Gladys, akamnusa mtoto utosini.

Mtoto akanyamaza.

Hata mvua ilisikika kama imesogea mbali. Na harufu... Gladys aliisikia pia, maana alikunja pua na kugeuka kutafuta.

"Umewasha moto, wifi?"

"Hapana."

Mtoto alifumbua macho, akamtazama paka. Paka akamtazama mtoto. Walitazamana kama watu wawili wanaogawana kiti kimoja.

"Naomba hilo jina," Gladys akasema.

Loice aligeuza uso. Aliangalia mawe yake yaliyopangwa ukutani, yale yaliyokwisha na yale mabichi. Aliangalia mnyama pekee duniani aliyekuwa akimngoja arudi.

"Lina mwenyewe," akasema. "Nimeshalitoa."

"Kwa paka, wifi!"

"Ndiyo, kwa paka! Mlikuwa wapi nyinyi? Mabinti wangapi wamezaliwa hapo, wifi? Nani alimtaka? Mlimkataa wote. Paka hakumkataa." Alinyosha kidole kuelekea ng'ambo. "Nenda ukamwambie baba mkwe wako alitaje mwenyewe, kwa mdomo wake. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Bila yeye hata nikikupa ni bure."

Gladys alinyanyuka. Alimfunika mtoto, akatoka. Kabla hajafika kwenye migomba kilio kilikuwa kimeanza upya.

Loice akafunga mlango. Ili asisikie, akachukua patasi. Paka alikuwa amerudi juu ya jiwe dogo, jeupe, lisilo na hata mshipa mmoja wa rangi. Alipoondoka, mikono ya Loice ikaanza. Haraka kuliko siku zote. Chak... chak... chak... Akawasha taa, akaendelea. Akasugua kwa maji. Akainua juu.

Ulikuwa uso wa mtoto mchanga. Macho yamefumbwa. Mashavu yamebonyea. Mdomo umelegea namna ambayo mdomo wa aliyelala haulegei.

Loice aliliachia jiwe likaanguka.

"Ndicho unachotaka?" akamwuliza paka kwa mnong'ono. "Ndiyo malipo yake?"

Paka alikuwa amekaa mlangoni, uso umeelekea nje, anangoja afunguliwe.

*

Mvua ilikuwa imepungua. Loice alivuka bonde na paka kifuani, ndani ya sweta. Aliuhisi moyo wa paka ukidunda dhidi ya wake. Alijua anakwenda kupoteza nini. Hakuna haja ya kujidanganya. Alimbembeleza njia nzima.

Ratemo alikuwa amesimama mlangoni kwake, mzee wa kanisa, pande la mtu, na mkononi tochi.

"Huyo mnyama asivuke hapo."

"Habari ya jioni, baba mkubwa. Nimekuletea jina. Litaje, mtoto apone."

"Jina hilo halitajwi katika boma langu."

"Ni la mama yako."

"Alikuwa mchawi."

"Nani aliona?"

"Watu waliona."

"Watu gani? Nitajie mmoja tu, baba mkubwa. Mmoja aliyeona kwa macho yake."

Ratemo alishusha tochi. Mwanga ukabaki miguuni pake.

"Mimi sikuwasha," akasema.

"Sijakuuliza aliyewasha."

Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati, tone... tone...

"Mimi nilishika mlango tu," Ratemo akasema.

Alisema polepole, karibu kwa upole, kama anavyosema mtu aliyeombwa afanye kazi ndogo akaifanya. Loice alikuwa ameshinda mabishano mengi maishani. Ushindi huu ulimwingia mdomoni kama majivu.

Ndipo kilio cha ndani kikakatika.

"Baba!" Gladys alipiga ukelele. "Baba, hapumui vizuri! Baba!"

Waliingia wote wawili pamoja. Mtoto alikuwa kwenye mapaja ya Gladys, midomo yake imekuwa ya kijivu. Ratemo alipiga magoti. Goti moja, kisha la pili. Pande lile la mtu likainama juu ya mtoto.

"Nyamusi," akasema.

Hakuna kitu.

"Nyamusi. Nyamusi!"

Hakuna. Na Loice akaelewa. Alimtoa paka ndani ya sweta, akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Akamnong'oneza sikioni, kwenye lile sikio lililochanika.

"Nimekuvua jina. Nenda kwao. Nenda tu..."

Paka alimtazama. Alimtazama sana. Kisha harufu ya moshi ikapita chumbani, nene, chungu, ikawafanya wote wakohoe, watu wazima wote watatu, na katikati ya kukohoa kwao kukasikika kikohozi kidogo cha nne.

Mtoto alikohoa. Akavuta pumzi. Akageuza uso kwenye ziwa la mama yake, akanyonya kwa pupa kama aliyesafiri siku nyingi bila kula.

Gladys alilia kwa sauti. Ratemo alibaki pale pale sakafuni.

Paka alikuwa amenyanyuka, anakwenda mlangoni, mkia nusu umelala.

"Nyamusi," Loice akamwita, kwa mazoea.

Paka hakugeuka.

Mtoto akaacha ziwa, akageuka.

*

Paka alirudi kwa Loice asubuhi, akitaka maziwa. Alikuwa paka tu. Alikula, akajilamba, akalala juu ya jiwe, akashuka. Loice aliweka kiganja pale alipoacha joto. Joto lilikuwepo. Ndani yake hamkuwa na mtu.

Alichonga kiboko. Alichonga bakuli. Jayshree alizipanga dukani bila kuzigeuza, akasema nzuri, na hakusema zaidi. Jioni Loice alianza kumwambia paka habari za mjini, na katikati ya maneno akaona mnyama anamfukuza nondo. Akanyamaza. Mara hii hakuendelea.

Habari za ng'ambo alizipata kwa Gladys, ambaye sasa alisimama kumsalimu njiani. Mtoto amenona. Hasumbui. Analala vizuri. Halii kabisa, wifi, hata akishikwa na baridi. Anatazama tu.

"Anatazama nini?"

"Babu yake." Gladys aliangalia nyuma yake, ingawa njia ilikuwa tupu. "Nikimgeuza, anageuka tena. Na mzee hawezi kukaa mbali naye. Jioni lazima ampakate. Anamwita Mama. Ni desturi, aliyebeba jina la mama yako ni mama yako, najua... lakini, wifi, wewe hujasikia anavyomwita."

"Anamwitaje?"

"Kama mtoto anayeogopa kuchapwa."

Baadaye kidogo watu walianza kusema kwamba Ratemo ameng'oa milango. Ya mbele, ya nyuma, ya vyumba, hata ya choo. Ameifungua bawaba, ameirundika kwenye shamba la chai, imelowa mvua na kuvimba. Nyumba nzima iko wazi na baridi ya huku kilimani inaingia inavyotaka.

Loice alikwenda kuangalia. Alijiambia anapita tu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikaratusi, na nyumba ya Ratemo ilisimama na matundu yake meusi pale milango ilipokuwa. Yeye alikuwa amekaa ndani kidogo, kwenye kiti cha chini, mtoto mapajani. Amekonda. Shati lilimning'inia.

Mtoto alikuwa amemkazia macho. Macho yale yalikuwa mekundu kidogo, pembeni, kama ya mtu aliyekaa sana karibu na kuni.

Loice alikuja na hasira yake yote. Alitaka kufurahi. Alisimama pale uani akaitafuta ile furaha, akakuta kitu kingine kabisa, kitu cha aibu. Alikuwa na wivu. Bibi alikuwa na dunia nzima ya kuchagua, na amechagua kukaa kwa mtu huyu. Hakumchagua yeye, aliyemtetea, aliyempa jina wakati hakuna aliyelitaka.

"Magokoro," akaita kwa sauti ndogo.

Mtoto hakugeuka. Ratemo ndiye aliyeinua uso. Hakushangaa kumwona.

"Karibu, mwanangu," akasema, na pumzi yake ikatoka na mvuke kwa ile baridi. "Ingia. Huku mlango hakuna."

Ndani kulikuwa na giza, na kulinuka moshi.

Loice hakuingia. Lakini hakuondoka pia. Alibaki pale uani, mikono yenye vumbi la jiwe imening'inia, akingoja atazamwe.